Damu iliyokaa kwenye friji mwezi mzima bado yamfaa mtoto mgonjwa

KATIKA wodi nyingi za watoto za ukanda huu, jambo hili hujirudia kila baada ya mvua kubwa. Mama anaingia na mtoto mgongoni, amelegea, anahema kwa shida. Muuguzi anamfunua kope, anatazama viganja. Vyeupe. Kidole kinatobolewa, na baada ya dakika chache majibu yanatoka.

"Mama, damu ya mtoto ni tatu nukta saba. Anatakiwa kuongezewa sasa hivi."

Kabla mama hajauliza tatu nukta saba ni nini, simu zimeshaanza kupigwa. Baba anakuja mbio, nyuma yake baba mdogo na shemeji. Baba anakunja mkono wa shati na kumwambia muuguzi, "Sista, mtolee yangu mimi. Yangu ni ya moto, inatoka mwilini sasa hivi. Hiyo ya kwenye friji imekaa siku ngapi?"

Wapo wanaolicheka swali hilo. Hawapaswi. Ni swali lilelile ambalo madaktari wa nchi tajiri walibishana juu yake kwa miaka, na moja ya majibu yaliyo wazi zaidi kwa watoto wetu halikutoka London wala Boston. Lilitoka Kampala, katika Hospitali ya Mulago, kwa kazi iliyoongozwa na Dk. Aggrey Dhabangi wa Chuo Kikuu cha Makerere akishirikiana na wenzake wa Uganda, Marekani na Canada. Ilichapishwa Desemba 2015 katika JAMA, jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani.

Tatu nukta saba ni kiasi cha hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayoipa damu rangi nyekundu na kubeba oksijeni kutoka kwenye mapafu. Mtoto wa kuanzia miaka miwili na chini ya mitano huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya gramu 11 kwa desilita. Mwenye 3.7 amebaki na theluthi moja tu ya kiwango hicho, sawa na mji uliokuwa na magari matatu ya kusambaza maji na sasa una moja. Gari hilo litakimbia sana, ndiyo maana moyo wa mtoto huyo unadunda kasi, lakini kuna mitaa haitafikiwa.

Tumetumia tarakimu hiyo kwa makusudi. Gramu 3.7 ndizo zilikuwa wastani wa watoto walioingizwa kwenye utafiti wa Mulago.

Kinachotokea ndani ya friji

Damu ikishachangwa huwekwa kwenye mfuko wenye dawa ya kuizuia isigande na sukari ya kuzilisha chembe nyekundu, kisha hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 6. Kwa dawa inayotumika sana, inaruhusiwa kukaa siku 35. Baada ya hapo hutupwa, hata kama wodi ina uhitaji.

Katika siku hizo 35 damu haikai vilevile. Chembe hupungukiwa nguvu. Nyingine hupoteza umbo lake la kisahani na kuwa na miibamiiba. Potasiamu huvuja kutoka ndani ya chembe. Kemikali inayoisaidia hemoglobini kuiachia oksijeni inapofika kwenye misuli na ubongo hushuka sana ndani ya wiki mbili hivi. Kwa hiyo mtu akisema damu ya friji "imechoka", kwa lugha ya maabara hajakosea sana.

Hofu ilipanda mwaka 2008. Watafiti wa Cleveland, Marekani, walipitia mafaili ya wagonjwa zaidi ya 6,000 waliofanyiwa upasuaji wa moyo, wakaona kwamba waliopewa damu iliyokaa zaidi ya wiki mbili walifariki wengi kidogo kuliko waliopewa damu changa. Habari hiyo ilienea haraka. Lakini kupitia mafaili ya zamani kuna mtego wake: wagonjwa hao hawakuwa wamepangwa kwa kura, na aliyeumwa zaidi, akahitaji mifuko mingi, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukutana na mfuko mkongwe. Je, kilichomdhuru ni umri wa damu, au ni ugonjwa wenyewe? Mafaili peke yake hayawezi kuamua.

Kwa nchi tajiri mjadala huo ulikuwa wa kuchagua damu ipi itolewe kwanza. Kwa hospitali ya Afrika ulikuwa mzito kuliko hivyo. Kama damu ya wiki nne haifai kwa mtoto anayekosa oksijeni, basi sehemu ya akiba ndogo iliyopo ni akiba ya jina tu. Na hakuna kundi la wagonjwa ambalo swali hilo lingeligusa zaidi ya watoto wa malaria na selimundu, ambao hawapewi damu kwa sababu ya kisu cha upasuaji. Wanapewa kwa sababu oksijeni imewaishia.

Watoto 290

Hapo ndipo timu ya Dhabangi ilipolenga. Kuanzia Februari 2013 hadi Mei 2015 walisajili Mulago watoto 290 wa miezi 6 hadi 60, wengi wao wakiwa na malaria au selimundu. Masharti ya kuingia yalikuwa mawili. Hemoglobini iwe gramu 5 au chini, na lakteti iwe 5 au zaidi.

Lakteti inahitaji maneno machache, maana utafiti mzima umesimama juu yake. Mwili unapokosa oksijeni ya kutosha haukati tamaa mara moja. Hutafuta nishati kwa njia ya mkato isiyotumia oksijeni, na mabaki ya njia hiyo ni lakteti, ambayo huongezeka kwenye damu pamoja na tindikali. Mtu mwenye afya aliyetulia huwa na chini ya 2. Watoto wa Mulago waliingia na wastani wa 9.3. Hao si watoto wa kuambiwa warudi kesho.

Wazazi waliombwa ridhaa, kisha watoto wakagawanywa kwa kura katika makundi mawili ya watoto 145 kila moja. Kundi la kwanza lilipewa chembe nyekundu zilizokaa kati ya siku 1 na 10. La pili lilipewa zilizokaa siku 25 hadi 35, yaani zile zinazokaribia kutupwa. Umri wa kati wa damu ya kundi la kwanza ulikuwa siku 8, na wa kundi la pili siku 32. Kila mtoto alipewa mililita 10 kwa kila kilo ya uzito wake katika saa mbili za mwanzo, na aliyehitaji akaongezewa kiasi kama hicho baadaye. Lakteti ilipimwa tena na tena.

Mzazi anaweza kuuliza: ilikuwaje ikubalike kumpa mtoto mahututi damu ya siku 32 kwa ajili ya utafiti? Jibu ni kwamba damu hiyo ilikuwa halali na ndani ya muda wake, ileile ambayo mtoto yeyote angeweza kupewa usiku wowote bila mtu kuandika popote. Kilichoongezwa na utafiti ni kupanga kwa kura, kufuatilia kwa karibu na kuhesabu.

Saa ya nane

Kipimo kikuu kilikuwa kimoja. Ifikapo saa ya nane tangu damu ianze kuingia, ni watoto wangapi lakteti yao imeshuka hadi 3 au chini?

Kwa waliopewa damu changa, ni asilimia 61. Kwa waliopewa damu ya muda mrefu, ni asilimia 58.

Tofauti hiyo ya pointi tatu iko ndani kabisa ya kile kinachoweza kuletwa na bahati, na chini ya kikomo ambacho watafiti walikuwa wamejiwekea kabla ya kuanza. Hawakuishia hapo. Walilinganisha chumvi za mwilini, ikiwemo potasiamu iliyokuwa ikihofiwa, wakalinganisha madhara yaliyojitokeza, waliopona na waliofariki, na hali za watoto siku ya 30. Hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi.

Maelezo ya kibaolojia hayako mbali. Chembe iliyochoka kwenye baridi ikiingia kwenye mwili wenye joto na sukari huanza kujirudishia nguvu, na ile kemikali iliyopungua hujazwa upya kwa saa na siku zinazofuata. Kwa mtoto wa 3.7, hata lori lililochoka linalofika leo ni bora kuliko jipya litakalofika kesho kutwa.

Matokeo ya Mulago hayakubaki peke yake. Mwaka huohuo wa 2015 utafiti wa wagonjwa mahututi watu wazima zaidi ya 2,400 wa Canada na Ulaya nao haukuona faida ya damu changa, na mwaka 2019 utafiti wa watoto karibu 1,500 waliokuwa mahututi ulifika hapohapo. Ila hao wote walikuwa na maradhi mchanganyiko. Wa Dhabangi ndiyo uliowaangalia watoto ambao tatizo lao hasa ni kuishiwa damu, na kwa mzazi wa Tanga, Kisumu au Mbale huo ndio unaomhusu.

Kuna mipaka ya kuzingatia. Damu iliyotumika Mulago ilikuwa imechujwa chembe nyeupe, jambo ambalo hospitali nyingi za ukanda huu bado hazifanyi kwa kila mfuko. Utafiti pia hausemi lolote kuhusu damu iliyopita siku 35, wala iliyokaa kwenye friji linalozimika kila umeme unapokatika. Na watoto wachanga wanaohitaji damu nyingi kwa mkupuo bado huchaguliwa damu changa, kwa sababu miili yao midogo haihimili potasiamu nyingi.

Kwa nini si ya baba

Turudi kwa baba aliyekunja shati. Upendo wake hauna shaka, lakini damu yake "ya moto" ina mambo matatu yanayoikwamisha.

La kwanza ni muda. Lazima ipimwe Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C na kaswende, ipimwe kundi, kisha ilinganishwe na ya mtoto. Utafiti wa hospitali ya Siaya, magharibi mwa Kenya, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1992, ulionyesha kwamba kuongezewa damu kuliwaokoa watoto wenye upungufu mkali pale walipoipata katika siku mbili za kwanza za kulazwa. Iliyokuja baadaye haikuonyesha faida hiyo. Mfuko ulioko kwenye friji umeshapimwa, na kazi iliyobaki ni kuulinganisha na damu ya mtoto.

La pili ni usiri. Mtu anayejitolea kwa hiari, bila mgonjwa wa kumsukuma, anaweza kujibu dodoso kwa ukweli au kuahirisha tu. Baba aliyezungukwa na wakwe zake atasemaje kwamba wiki iliyopita alifanya jambo la hatari? Atanyamaza na kunyoosha mkono. Maambukizi mapya kabisa yanaweza yasionekane kwenye kipimo, ndiyo maana ukweli wa mchangiaji ni kinga yenyewe na si utaratibu wa makaratasi.

La tatu huwashangaza wengi. Damu ya ndugu wa karibu, ikiwa haijatibiwa kwa mionzi, inaweza kwa nadra sana kuleta ugonjwa mbaya ambapo chembe nyeupe za mtoaji zinaushambulia mwili wa mpokeaji. Chembe hizo zinafanana mno na za mpokeaji hata mwili wake unashindwa kuzitambua kuwa ni wageni. Kwa hiyo "damu yangu mwenyewe" si lazima iwe salama zaidi kwa mwanao.

Ndiyo maana katika hospitali nyingi baba hutolewa damu, lakini mfuko wake huingia benki kufidia ule uliotumika.

Kiasi gani, na je, lazima leo?

Swali la umri wa damu lina ndugu zake wawili, nao pia wamejibiwa na watoto wa Uganda, safari hii pamoja na wenzao wa Blantyre, Malawi. Huo ni utafiti uitwao TRACT, ulioongozwa na Profesa Kathryn Maitland, ambaye amefanya kazi miaka mingi Kilifi, pwani ya Kenya. Ulihusisha hospitali za Kampala, Mbale, Soroti na Blantyre, ukasajili watoto 3,196, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2019 katika New England Journal of Medicine.

Kwanza, kiasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa mililita 20 za damu kamili kwa kila kilo, na watafiti walizilinganisha na 30. Kwa mtoto wa kilo 10 hiyo ni mililita 200 dhidi ya 300. Kwa ujumla hapakuwa na tofauti ya uhakika: walifariki asilimia 4.5 kwa kiasi kidogo na asilimia 3.4 kwa kikubwa hadi siku ya 28. Lakini walipotenganisha watoto kwa homa, picha ilibadilika. Wasio na homa walifaidika na kiasi kikubwa. Wenye homa walifanya vibaya zaidi wakipewa kiasi hichohicho. Mzazi anayemshinikiza daktari "muongezee nyingine" wakati mtoto anachemka anaweza kuwa anaomba kitu kibaya bila kujua.

Pili, lini. Watoto 1,565 walikuwa na hemoglobini kati ya 4 na 6 lakini bila dalili za hatari: hawakuwa wamepoteza fahamu wala hawakuhema kwa shida. Nusu walipewa damu palepale. Nusu nyingine walisubirishwa huku wakipimwa mara kwa mara, wakipewa damu tu iwapo kiwango kilishuka chini ya 4 au hali ilibadilika. Kufikia siku ya 28 walifariki 7 katika kundi la kwanza na 13 katika la pili, tofauti ambayo kitakwimu haitoshi kusema njia moja inaokoa zaidi. Katika kundi la kusubiri, asilimia 49 waliishia kuhitaji damu, na wengine hawakuihitaji kabisa.

Jambo hili huleta ugomvi wodini. Mzazi anayeambiwa "tunamwangalia kwanza" huhisi ametelekezwa. Kusubiri kwa namna ya TRACT si kutelekezwa, mradi kweli kuna mtu anayepima, na damu ipo karibu hali ikigeuka. Bila vipimo na bila damu kwenye friji, kusubiri huko ni kitu kingine kabisa, na mzazi ana haki ya kuuliza kwa heshima: daktari, atapimwa tena saa ngapi?

Kalenda ya benki ya damu

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari Afrika Mashariki wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, gari la damu halina pa kwenda. Tanzania hufunga Juni, masika yakiwa yamemalizika hivi karibuni na malaria ikiwa imepamba moto. Friji linakauka wakati wodi imejaa.

Hapo siku 35 zinakuwa na maana tofauti. Damu iliyochangwa wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule itakuwa na wiki tatu au nne likizo ikiwa katikati, umri unaokaribiana na ule wa kundi la pili la Mulago. Ingekuwa damu ya wiki nne haifai, hakuna kampeni ambayo ingeziba pengo hilo. Kwa kuwa inafaa, pengo linazibika kwa watu kujitokeza Mei, wakati hakuna ndugu yao aliyelazwa.

Nchini Tanzania anayetakiwa ni mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, mwenye uzito wa kilo 50 au zaidi na afya njema. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Haiuzwi, na anayedaiwa pesa ya damu aulize anadaiwa na nani, kwa risiti gani.

Baba wa wodini naye atatolewa yake usiku huo, mililita 450 au pungufu kidogo. Mfuko utabandikwa namba na tarehe, sampuli zitakwenda maabara, na majibu yakiwa safi utaingia kwenye rafu nyuma ya mifuko iliyotangulia, kwa sababu benki hutoa kwanza ile inayokaribia kuisha muda. Mwanawe, aliyepewa mfuko wa mtu wasiyemjua, pengine atakuwa ameshatoka hospitali na kurudi kucheza uani siku ambayo mfuko wa baba utatolewa kwenye friji, ukiwa na siku 30 au 32, kwenda kwa mtoto mwingine mwenye viganja vyeupe.